Mwongozaji wa filamu anayejitegemea anaishi kwa kazi gani?

Bagamoyo si ajabu kumkuta kijana aliyeandika na kuongoza filamu fupi ikaonyeshwa hadi nje ya nchi, na Jumamosi hiyo hiyo yuko Magomeni, kamera begani, anarekodi harusi ya watu. Majirani hawaelewi. Kama filamu imefika ilikofika, mbona bado anahangaika na harusi? Wapo wanaokata shauri kwamba sanaa hailipi, wapo wanaosema kadhulumiwa. Majibu yote mawili yana ukweli kidogo, ila hayasemi kazi yenyewe inakwendaje.

Kinachochanganya ni kwamba mtu huyu ana kazi mbili zenye mwendo tofauti wa fedha. Uandishi unaweza kumlipa kabla hata kamera haijawashwa. Uongozaji karibu siku zote unakula fedha kwanza, na kurudisha ni majaliwa. Halafu liko jambo la tatu, ambalo ndilo linaloamua atakuwa na hali gani miaka kumi mbele: filamu ikishakamilika, ni ya nani?

Kujitegemea hakupimwi kwa ukubwa wa bajeti. Kuna filamu za bei chee zinazomilikiwa na tajiri aliyetoa mtaji tu, na kuna filamu za fedha nyingi ambazo mwongozaji ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi hutazama mambo mawili: nani aliamua hadithi iweje, na nani anaweza kuiuza filamu bila kumwomba mtu ruhusa.

Tanzania imepitia hali zote. Baada ya uhuru, kutengeneza filamu kulikuwa shughuli ya serikali. Kampuni ya Filamu Tanzania, TFC, ilianzishwa mwaka 1968, na mwongozaji alikuwa mtumishi aliyesubiri fungu la bajeti. Kamera za video zilipoenea, yeyote mwenye kamera, kompyuta ya kuhariria na marafiki wa kuigiza aliweza kutoa filamu, na Bongo Movie ikazaliwa. Kwa kutazama, kila mtu alikuwa anajitegemea. Lakini mlango wa kutokea ulikuwa mmoja, Kariakoo. Prodyuza alibeba masta, ile nakala mama ya filamu, akampelekea msambazaji, akalipwa mara moja, akaondoka. Nakala ngapi zimechapwa, ngapi zimeuzwa Mwanza, ngapi zimevuka mpaka, hayo hayakumhusu tena. Hata ile desturi ya kukata hadithi moja kuwa sehemu ya kwanza na ya pili ilitoka dukani, haikutoka kwenye hadithi: diski mbili huuzwa mara mbili.

Hapo ndipo wengi walipopoteza, na wengine wanaendelea kupoteza bila kuibiwa na mtu yeyote. Kusaini karatasi inayosema unauza "haki zote" ni kuuza shamba pamoja na minazi yake wakati mnunuzi alikuja kutafuta nazi za msimu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi tangu muswada unapoandikwa, bila kungoja usajili, na ulinzi huo unakwenda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Ila sheria hiyo hiyo inamruhusu mwenye haki kuzihamisha, na saini moja inatosha.

Anayeijua kazi hauzi, anakodisha. Mkataba wake hutaja eneo (Tanzania tu, Afrika Mashariki, au dunia nzima), njia (televisheni, kumbi za sinema, intaneti) na muda (miezi sita, miaka miwili, mitano), kisha husema wazi kwamba kisichotajwa kinabaki kwake. Chaneli ikichukua haki za televisheni nchini kwa miaka miwili, bado anaweza kumpa mwingine haki za intaneti, na mwaka wa tatu akarudi kwa chaneli ile ile kuzungumza upya. Kifungu cha kusomwa mara mbili ni kile cha upekee, kinachokuzuia kumpa mtu mwingine haki hizo hizo, maana wanunuzi wengi hulipa bei ya kukodi kisha wakaandika masharti ya kununua. Na kazi uliyoifanya ukiwa mwajiriwa ina utaratibu wake: haki za kiuchumi ni za mwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine.

Tuje kwenye muswada. Hapa mwandishi anayeongoza filamu yake mwenyewe hujipangia utajiri au ufukara, mara nyingi bila kujua. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida wa kazi hii hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Kurasa 90 ni saa moja na nusu. Anayeiandikia kampuni kubwa anaweza kuandika lolote, kwa sababu kuna watu wengine wa kulia na bei. Anayejitegemea atalipia mwenyewe kila alichokiandika.

Chukua mstari huu: "Nje. Ufukwe wa Bagamoyo. Usiku. Jahazi linaingia na abiria ishirini, mvua inanyesha." Usiku maana yake taa, jenereta, mafuta, na malipo ya watu wanaokesha. Jahazi maana yake nahodha na mabaharia ambao siku hiyo hawatabeba mzigo, kwa hiyo utawalipa riziki yao ya siku. Abiria ishirini ni nauli, chakula na mavazi ya watu ishirini. Mvua ya Mungu haina namba ya simu, na ya kutengeneza inataka gari la maji na pampu. Sasa andika hivi: "Nje. Ufukwe. Asubuhi. Mama amesimama, macho baharini. Nahodha anapita na tanga begani, hamtazami usoni." Mtazamaji ameshaelewa kwamba chombo kimerudi na kuna mtu hakurudi nacho. Umehitaji waigizaji wawili na jua. Na kwa maoni yangu tukio limekuwa bora, si la bei nafuu tu.

Kuandika kwa kutazama ulichonacho hakuna aibu yoyote. John Sayles wa Marekani aliifanya hesabu hii waziwazi. Alianza na riwaya na hadithi fupi, kisha akaandika miswada ya filamu za bei nafuu za kampuni ya Roger Corman, mmojawapo ukiwa wa samaki wala watu, uliotoka kama filamu mwaka 1978. Malipo ya kalamu akayaingiza kwenye filamu yake ya kwanza kuiongoza, iliyotoka 1980. Waigizaji aliowapata walikuwa marafiki zake wanaokaribia miaka thelathini, basi akaandika habari za marafiki wanaokaribia miaka thelathini waliokutana kwenye nyumba moja. Aliendelea hivyo miaka mingi, akiandikia wengine ili aongoze vyake.

Pwani nayo ina masharti ambayo vitabu vya kufundishia uandishi wa filamu haviyataji. Bagamoyo inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini na kuzama bara, nyuma ya minazi, kwa hiyo muswada unaowaweka wapenzi ufukweni "wakilitazama jua likizama baharini" umeandikwa na mtu ambaye hajafika, au amefika akalala mpaka saa nne. Jioni zetu pia ni fupi. Ule mwanga wa dhahabu ambao wenzetu wa Ulaya huufaidi kwa saa nzima wakati wa kiangazi, hapa unakupa muda wa kurudia tukio mara chache tu kabla giza halijaingia.

Halafu kuna maji. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika 50. Ufukwe wa Bagamoyo ni wa kina kifupi, maji yakitoka yanakwenda mbali na mitumbwi inabaki imelala mchangani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi bahari imekimbia. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Sasa tuseme umeanza tukio saa nne maji yakiwa juu, hukulimaliza, na mwigizaji mkuu akapata msiba. Akirudi baada ya siku tano, nyuma yake hakutakuwa na bahari uliyoianza nayo. Kuipata bahari ile ile kwa saa ile ile itabidi ungoje kama wiki mbili, na kikosi kizima kimekaa, kinakula. Ndiyo maana mtu wa kwanza wa kuulizwa ratiba hapa ni mvuvi, na mazungumzo yenyewe huanza na shikamoo kabla ya habari za kamera. Mzee akiridhika na majibu ya "mnapiga picha za nini, wanangu?", atakupa na siku za upepo wa kusi unapoharibu sauti kwenye maiki. Adhana, kunguru na bodaboda utajipangia mwenyewe.

Vibali nitavipitia haraka. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali cha Bodi ya Filamu kabla ya kurekodi, na filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja la umri kabla ya kuonyeshwa. Ukitaka magofu ya Kaole au majengo ya Mji Mkongwe, kuna wasimamizi wake. Ukitaka uchochoro, kuna serikali ya mtaa, na kuna mwenye baraza.

Fedha ndiyo ngumu zaidi kuielewa, kwa sababu kila chanzo huja na mwenye nacho. Anayehitimu TaSUBa, taasisi iliyoanza kama Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, kwa kawaida huanza na mfuko wake: harusi, kichenpati, vipindi vya mashirika, kupiga ngoma hotelini, kufundisha. Harusi tunazidharau bure. Zinamfundisha mtu kurekodi kisichorudiwa, kupanga sauti kwenye kelele, na kukabidhi kazi kwa tarehe. Kamera aliyoilipia kwa harusi za msimu mmoja ndiyo atakayoshutia filamu yake.

Tamthilia za televisheni ni hatua nyingine. Chaneli za kulipia kama Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo zimeleta mahitaji ya hadithi kwa wingi, na mwandishi anayeweza kutoa kipindi baada ya kipindi bila kukwama hulala na uhakika wa kodi ya nyumba. Ila haki za tamthilia mara nyingi ni za chaneli au kampuni, na kasi yake inammaliza mtu. Wapo waandishi wazuri walioingia kwa msimu mmoja ili wapate mtaji wa filamu yao. Muswada wa filamu hiyo bado uko kwenye droo.

Fedha za misaada huja na ujumbe. Siri ya Mtungi, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012 na iliyosimulia maisha ya Bagamoyo, ilitengenezwa kwa fedha za Marekani zenye lengo la elimu ya afya. Ilionyesha kwamba mji huu una sura, lahaja na mafundi wa kubeba tamthilia ya kiwango. Lakini tuseme ukweli: mfadhili wa afya anapoondoka, hamwachii mwandishi fungu la kuandika hadithi ya mapenzi isiyo na fundisho la afya. Kazi hiyo ichukuliwe kama kazi ya ajira yenye heshima, siyo kama njia ya kuingilia kwenye filamu ya mtu binafsi.

Iko pia mifuko ya nje. Hubert Bals Fund ya tamasha la Rotterdam na World Cinema Fund ya tamasha la Berlin ndiyo inayotajwa zaidi kwa nchi zetu. Hapa uandishi unalipa tena kabla ya kamera, maana baadhi ya fedha hizo ni za kukuza muswada tu. Wanataka muswada au muhtasari uliokomaa, maelezo ya mwongozaji kwa nini filamu hii na kwa nini yeye, bajeti, na mpango wa kupata fedha zilizobaki. Aghalabu wanataka pia prodyuza wa upande wao. Hapa wengi hukwama, si kwa kukosa kipaji bali kwa kukosa prodyuza. Mtu mmoja hawezi kuandika, kuongoza, kufukuzia barua na kulinganisha mikataba ya nchi tatu. Kwa maoni yangu, rafiki anayependa hesabu na makaratasi ana thamani kuliko lenzi mpya, na apewe hisa ya filamu, asipewe shukrani tu.

Filamu ikianza kuingiza hela, foleni ya kulipwa ina mpangilio wake. Tupige mfano wa kubuni. Filamu imeuza tiketi za shilingi milioni 20. Ukumbi unachukua nusu, zinabaki 10. Msambazaji anachukua asilimia 30 ya hizo, zinabaki 7. Anatoa gharama zake za mabango na matangazo, tuseme milioni 3, zinabaki 4. Walioweka mtaji wanadai milioni 6 zao kwanza. Mwongozaji, ambaye jina lake ndilo kubwa kwenye bango, yuko mwisho wa foleni na sufuria ni tupu. Ndiyo maana anayejitegemea huandika malipo ya muswada na ya uongozaji ndani ya bajeti, yawe madogo vipi, badala ya kungoja "ikiuzwa". Waigizaji wanaokubali kulipwa baadaye waonyeshwe foleni hii kabla ya kusaini. Urafiki mwingi wa kikosi umevunjikia hapa.

Matamasha yanaeleweka vibaya kuliko yote. Kuchaguliwa si kulipwa. Tamasha linakupa ukumbi, watazamaji, na nafasi ya kukutana na wanunuzi, basi. ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, liko karibu kiasi kwamba mtu wa Bagamoyo anaweza kwenda na kurudi bila wakala wa safari. Matamasha mengi makubwa yanataka yawe ya kwanza kuionyesha filamu, au ya kwanza barani kwao. Ukiipandisha YouTube kwa furaha ya wiki moja, umejifungia milango hiyo mwenyewe. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, ilianzia Toronto mwaka 2021, ikazunguka, na mwaka 2022 Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, jambo ambalo nchi haikuwa imelifanya tangu mwaka 2001. Tazama pia kwamba hadithi ilikuwa na mwenyewe. Kabla ya kamera kuna makubaliano na mwandishi wa riwaya, na bila hayo filamu haiuziki popote.

Muziki ni mtego wa namna hiyo hiyo. Charles Burnett, alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha UCLA miaka ya 1970, alirekodi Killer of Sheep siku za wikiendi kwa chini ya dola 10,000, kuhusu familia ya mfanyakazi wa machinjio huko Los Angeles. Aliikabidhi chuoni mwaka 1977. Mwaka 1990 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa kitaifa. Lakini haikuweza kuuzwa kwenye kumbi mpaka 2007, kwa sababu nyimbo alizotumia hazikuwa zimelipiwa, na kuzilipia kuligharimu dola 150,000, zaidi ya mara kumi na tano ya filamu yenyewe. Hapa kwetu kosa linafanana: taarabu ya zamani chini ya tukio la harusi, au singeli inayosikika kutoka simu ya muuza chipsi. Bagamoyo, mji alioishi na kufundisha marehemu Hukwe Zawose, hauna upungufu wa wapiga zeze na ilimba. Mlipe mpigaji, andikianeni, na muziki utakuwa wa filamu hiyo.

Ukikosa msambazaji, unaweza kuwa msambazaji mwenyewe, na hii ndiyo sehemu ya kazi isiyofundishwa. Haile Gerima, Mwethiopia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington tangu 1975, alipomaliza Sankofa mwaka 1993 hakupata kampuni ya kuisambaza Marekani. Akakodi kumbi mwenyewe, mji baada ya mji, akisaidiwa na vikundi vya Wamarekani weusi waliouza tiketi makanisani na mitaani. Baadaye alifungua duka la vitabu karibu na chuo hicho, lenye jina la filamu. Kazi ya chuo ilimlisha, filamu ikabaki yake. Kwa Bagamoyo njia zipo: ukumbi wa TaSUBa, viwanja vya shule, vibanda umiza vinavyojaa siku za mpira na kulala siku nyingine. Wauza muvi za kwenye flashi watakunakili tu. Waandaaji wengine huwatangulia kwa kuuza flashi zao wenyewe mlangoni, usiku ule ule filamu inapoonyeshwa, watazamaji wangali na hamu.

Kati ya filamu moja ndefu na nyingine miaka mitatu au minne ni kawaida, hata kwa wanaofahamika. Muda huo wote haki zilizokodishwa zinaisha moja moja na kurudi nyumbani, ila zinarudi kwa mtu ambaye bado ana filamu yenyewe. Hewa ya chumvi haina huruma na vifaa vya umeme, na nakala pekee iliyo kwenye diski moja juu ya kabati ni hasara inayosubiri tarehe. Weka nakala tatu, kwenye diski za aina mbili tofauti, moja iwe nje ya Bagamoyo. Pamoja nazo hifadhi sauti na muziki vikiwa vimetenganishwa, mnunuzi wa nje asikwame kwenye tafsiri, na bahasha ya mikataba yote, ya mwigizaji, ya mpiga zeze, ya nahodha. Mnunuzi wa mwaka wa saba ataomba hiyo bahasha kabla ya kuomba filamu.